Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mhadhara juu ya Albamu ya Remedy

Walimu wangu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na spika: kabla sijasema lolote namwomba fundi mitambo atuwekee mwanzo wa wimbo wa kwanza. Dakika moja inatosha.

(Hapa ulichezwa mwanzo wa wimbo "Rendez-Vu".)

Asante, fundi. Nimewaona mkitazamana. Tangazo lilisema mhadhara ni wa muziki wa mashine, nanyi mmepokewa na gitaa la Kihispania linalokwaruzwa kwa pupa kama la flamenko. Ikafuata sauti ambayo ni ya binadamu na si ya binadamu, kwa kuwa imepitishwa kwenye vokoda, kile chombo kinachomfanya mtu aimbe kwa koo la kinanda. Na chini yao ngoma: dum, dum, dum, dum, haina pupa wala haichoki. Mpaka hapo mwenye duka la santuri ameshakwama, hajui aiweke rafu gani.

Albamu hii inaitwa Remedy, yaani dawa. Ilitoka Mei 1999 kupitia XL Recordings ya London, kampuni ile ile iliyokuwa ikitoa kazi za The Prodigy. Waliotengeneza ni watu wawili, Felix Buxton na Simon Ratcliffe, wanaojiita Basement Jaxx, ambao walianza pamoja mwaka 1994 huko Brixton, kusini mwa London. Nchini Uingereza albamu ilipanda hadi nafasi ya nne. Wimbo wa "Red Alert" ulifika nafasi ya tano kwenye chati ya nyimbo, na huu mliousikia sasa hivi ukafika ya nne. Takwimu ndizo hizo, nimezitua mapema ili tuzungumze muziki.

Tangu siku ilipotoka, albamu hii imeandamana na neno moja: mchanganyiko. Kila aliyeiandika aliorodhesha vilivyomo, hausi, gareji, raga, fanki, muziki wa Kilatini, jazi, panki, kisha akaweka nukta kana kwamba amemaliza. Mimi nimekuja kulibishia neno hilo. Daladala ya saa kumi na mbili jioni nayo imechanganya watu, na hakuna aliyeiita kazi ya sanaa. Pilau si bakuli la viungo. Ukimimina bizari, iliki, mdalasini na karafuu kwenye sinia ukawaletea wageni, watakushangaa. Kwa hiyo swali langu jioni hii ni hili: nani aliyevishika vitu hivyo visiparaganyike?

Jibu langu nalitoa mapema, maana sina kipaji cha kuficha. Ngoma ndiye mwenyeji. Wengine wote ni wageni, na Buxton na Ratcliffe wamekataa kuwaosha wageni wao mlangoni. Kila mmoja ameingia na vumbi la alikotoka. Watayarishaji wengi wa wakati ule waliazima sauti za watu wengine wakazipiga pasi mpaka zikafanana. Hawa wawili wakaziacha na makunyanzi yake.

Ili mnielewe inabidi niwapeleke Brixton, na hapo nitakawia kidogo.

Tarehe 22 Juni 1948 meli ya Empire Windrush iliteremsha Tilbury mamia ya abiria kutoka Karibi, wengi wao Wajamaika. Waliokosa mahali pa kufikia walilazwa katika handaki la kujikinga na mabomu, lililobaki tangu vita, chini ya stesheni ya Clapham South. Ofisi ya kuandikisha kazi iliyokuwa karibu na handaki hilo ilikuwa Coldharbour Lane, Brixton. Basi watu wakaenda kuandikisha kazi, wakatafuta vyumba vya kupanga jirani na hapo, wakawaita ndugu zao. Mtaa mzima wa muziki ulizaliwa kwa sababu ofisi fulani ilikuwa karibu na handaki fulani. Sisi watu wa pwani jambo hili halitushangazi. Bandari ngapi zimepata lugha na ngoma zake kwa sababu ya mahali upepo ulipoamua kuishusha jahazi?

Wajamaika walikuja na desturi ya mitambo mikubwa ya spika, yenye DJ wake, mpiga maneno wake na fahari yake. Kwa kuwa milango ya kumbi nyingi za wazungu ilikuwa imefungwa kwao, sherehe ziliteremka chini, kwenye vyumba vilivyo chini ya ardhi vya nyumba kuukuu. Kwa Kiingereza huitwa basement, na sasa mmejua nusu ya jina la bendi. Aprili 1981 vijana wa Brixton walipambana na polisi kwa siku kadhaa, baada ya operesheni ya kusimamisha na kupekua watu barabarani. Mtaa ukapata jina baya nchi nzima, na kodi za nyumba zikabaki za kuvumilika, ndiyo maana wanamuziki na wasanii wengine wenye mifuko mitupu wakahamia. Isitoshe, sokoni pale pana barabara iitwayo Electric Avenue, mojawapo ya barabara za soko za kwanza Uingereza kuwashwa taa za umeme, miaka ya 1880. Muziki wa umeme haukukosea njia.

Hapo ndipo Buxton, mtoto wa kasisi kutoka mashambani Leicestershire, alipoanza kufanya kazi na Ratcliffe. Waliandaa usiku wao wa kucheza muziki papo hapo mtaani, wakaanzisha lebo yao ndogo, Atlantic Jaxx, wakatoa santuri moja moja za kuwauzia MaDJ. Miaka mitano walifanya hivyo kabla ya albamu. Naomba vijana mkumbuke hesabu hiyo: miaka mitano ya kuona kwa macho ni sauti gani inaondoa watu ukutani na ipi inawarudisha kwenye vinywaji vyao.

Sasa ngoma yenyewe. Hausi ilizaliwa Chicago, na jina lake wengi hulihusisha na klabu ya Warehouse, alikokuwa akipiga Frankie Knuckles, kijana wa New York aliyehamia huko mwaka 1977. Wachezaji wa pale walikuwa hasa Weusi na Walatino, mashoga wengi miongoni mwao, watu waliohitaji chumba ambamo hawaulizwi maswali. Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa mji huo huo, santuri za disko zililipuliwa hadharani mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Disko ikatangazwa imekufa. Haikufa, ilinunua mashine. Mashine ya ngoma ya Roland TR-909 ilitoka mwaka 1983, haikupata soko zuri, ikaishia kwenye maduka ya mitumba ambako vijana wasio na bendi waliimudu bei yake. Ngoma yake kubwa, ile dum yenye kifua, ndiyo iliyojenga nyumba yote hii. New York nako kulikuwa na Paradise Garage, klabu ya Larry Levan, iliyodumu kuanzia 1977 hadi 1987. Kutoka jina lake likapatikana neno gareji, yaani hausi yenye sauti za kikanisa na moyo wa soul.

Waingereza walizipokea santuri hizo kama sisi tulivyozipokea zile za rumba ya Kuba, kwa mapenzi na bila kuelewa maneno yote. Kufikia 1988 vijana walikuwa wakikesha maghalani na mashambani. Serikali ilikasirika kiasi kwamba sheria ya mwaka 1994 ikaitaja hadharani midundo inayojirudiarudia kama alama ya mikusanyiko ambayo polisi wanaruhusiwa kuitawanya. Mimi sijui sheria nyingine iliyojaribu kueleza ngoma. Sherehe zikahamia ndani, kwenye klabu kubwa zenye mabaunsa, kiingilio cha kuumiza na masharti ya viatu. Hausi ikavaa suti. Ikawa safi, ndefu, laini, yenye heshima zote, na mtu akicheza alijiangalia kwenye kioo.

Hayo ndiyo maradhi. Jina la albamu msilione kama pambo. Wenyewe na waandishi wa wakati ule waliuita muziki huu gareji ya panki, nami naona jina lilisadifu. Kutoka gareji walichukua mwendo na sauti za kanisani, na kutoka panki wakachukua ruhusa ya kukosea hadharani.

Fundi, tupe "Red Alert". Sikilizeni besi kwanza.

(Hapa wimbo ulichezwa kwa dakika mbili.)

Besi hiyo inayojikunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia haikupigwa mwaka 1999. Imekatwa kutoka wimbo wa "Far Beyond" wa kundi la fanki la Kimarekani liitwalo Locksmith, wa mwaka 1980. Fanki ya zamani ilikuwa na adabu: besi inazungumza, ngoma inamjibu, gitaa linachomeka neno. Hapa wamechukua kauli ya besi wakairudisha mara kwa mara chini ya ngoma isiyobadilika, mpaka kauli imegeuka mzaha, kisha ikageuka amri. Juu yake anaimba Blue James. Maneno yanatangaza hatari, halafu hapo hapo yanawaambia watu watulie. Mwaka 1999, kama mnakumbuka, tuliambiwa kompyuta zote zingepata wazimu saa sita ya usiku wa mwaka mpya. Sidai kwamba wimbo uliandikwa kwa ajili hiyo. Nasema tu kwamba mwaka ule kila mtu alikuwa na king'ora kichwani, na hawa wakakifanya cha kuchezea.

Tazameni ufundi ulivyo. Ngoma kubwa inapiga kila hatua, nne kwa kila duru, bila kuomba ruhusa. Inapopiga, sauti nyingine zinanywea kidogo, kisha zinajaa tena, kama kifua cha mtu aliyepanda ngazi. Fundi anaweza kukueleza kwamba ni kompresa iliyobanwa sana. Ni kweli, lakini mchezaji haisikii kompresa. Anasikia chumba chenye watu wengi kinachopumua kwa pamoja. Wakati huo huo vigongo vidogo vya juu havikai sawasawa kwenye mstari, vinachelewa nusu ya nusu, na uchelewaji huo ndio unaofanya nyonga isogee. Bila uchelewaji huo ungebaki na saa ya ukutani.

Nenda "Same Old Show" ukutane na mgeni mwingine. Wamemwazima Pauline Black na kundi lake la The Selecter kutoka Coventry, katika "On My Radio" ya mwaka 1979. Huo nao ulikuwa muziki wa watu weusi na weupe waliosimama jukwaa moja wakicheza ska ya Kijamaika kwa hasira ya panki, miaka ileile Uingereza ilipokuwa ikiungua kwa ubaguzi. Wimbo wa asili unarukaruka kwa furaha ya kebehi. Basement Jaxx wamekikata kipande cha sauti hiyo wakakiweka gizani, polepole zaidi, mpaka kebehi imekuwa kijembe. Wapenzi wa rusha roho wanajua tofauti hiyo bila kufundishwa: maneno ni yaleyale, ila safari hii anayeimbiwa yumo ukumbini.

Halafu "Jump n' Shout", ambamo Slarta John anapiga maneno ya raga. Mwenye studio ya kujistahi angempunguza, angemwekea mwangwi mtamu, angemweka kando kidogo ili redio isishtuke. Hapa ameachiwa mbele kabisa, kwa lafudhi yake, kasi yake na mate yake kwenye kipaza sauti. Huo ndio wimbo wenye Brixton nyingi kuliko zote. Ni mtambo wa spika wa mwaka 1955 uliopewa ngoma ya Chicago. Chati ya Uingereza haikuuvumilia kama "Red Alert". Uliishia nafasi ya 12.

Hapa ndipo methali yetu inaponisaidia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hausi ya klabu kubwa ilikuwa mgonjwa kwa kukosa wageni. Hatuelezwi kwamba mgeni ndiye anayeponywa. Anayepona ni mwenyeji, kwa sababu siku ya mgeni ndipo kuku huchinjwa na uwanja ukafagiliwa.

Kuna jambo dogo ambalo wahakiki wengi waliliruka. Nyimbo ni 15 kwa hesabu ya jalada, ila nne kati yake ni vipande vifupi vyenye majina ya kuchekesha: "Jaxxalude", "Jazzalude", "Sneaklude", "Gemilude". Nilipoyaona majina hayo mara ya kwanza nilidhani ni vipande vya kujazia nafasi. Nilikuwa na kaseti niliyorekodiwa na kibanda kimoja mjini, na mwenye kibanda, pengine kwa kuniwazia mema, alikuwa ameviruka vyote vinne ili nyimbo zienee upande mmoja na nusu. Miaka kadhaa baadaye nikapata diski kamili nikagundua nilikuwa nikiishi katika nyumba isiyo na korido. Vipande vile ndivyo vinavyokutoa raga na kukufikisha kwenye wimbo wa mapenzi bila kukugongesha kichwa. DJ anaijua kazi hiyo: si lazima kila kitu kiwe wimbo. Tangu hapo simwamini mtu anayeniambia albamu fulani ni nzuri ila imejaa vipande vya bure.

Sisemi kila kitu kimenyooka. "Always Be There" kwangu ni mgeni aliyekaa sana baada ya chai. Anapendeza, ana manukato mazuri, lakini angeweza kuaga mapema. Na "Yo-Yo" huwa naipenda siku za Ijumaa tu.

Sasa nifike kwenye swali ambalo najua mwalimu mmoja hapo mbele ameliandika tayari kwenye karatasi yake: mali ni ya nani? Watu wawili weupe, majina yao kwenye jalada, besi ya Wamarekani weusi, raga ya Kijamaika, gitaa la Kihispania. Swali ni halali na halijibiwi kwa tabasamu. Muziki wa dansi wa mashine una historia chafu katika hili. Mwaka 1989 kundi la Kiitaliano la Black Box lilitoa "Ride on Time", wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki sita, ukiwa umejengwa juu ya sauti ya Loleatta Holloway, iliyokatwa kutoka "Love Sensation" ya mwaka 1980. Kwenye runinga alisimama mwanamitindo akifungua na kufunga mdomo. Holloway, mama aliyekulia kwaya za Chicago, ilimbidi apiganie haki yake kwa njia za kisheria. Kila prodyuza anayebonyeza kitufe cha kusampo leo anabonyeza akiwa na kivuli cha mama huyo begani.

Basement Jaxx walikwenda njia tofauti kwa kiasi fulani, na kiasi hicho ni muhimu. Waimbaji wao waliwapandisha jukwaani. Wakati wenzao wawili wa Paris, Daft Punk, walipokuwa wakielekea kujificha ndani ya kofia za roboti, hawa walijaza jukwaa waimbaji, wapiga tarumbeta na wacheza ngoma, wao wenyewe wakawa nyuma kwenye vinanda na gitaa. Mtazamaji asiyewajua angeweza kudhani bendi ni ya wale akina mama wanaoimba mbele. Je, hilo linamaliza deni? Hapana. Jalada bado lina majina mawili. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayeazima sufuria akakualika kula na yule anayeazima akalipaka rangi ili usilitambue.

Nasema haya nikijua kwamba hata kwetu swali linabisha hodi. Vijana wa singeli, kule Manzese, Tandale na Mburahati, walianza kwa kukata vipande vya taarabu wakavikimbiza hadi mipigo mia mbili na zaidi kwa dakika, na kwenye vigodoro hakuna aliyeuliza kinanda kile kilipigwa na nani. Santuri zao sasa zinachezwa Ulaya, hasa tangu Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Mzee aliyepiga kinanda kile yuko hai, au watoto wake wako hai. Nawaachia watayarishaji waliomo humu ndani. Nimewaona wawili, na mmoja ameinama kutazama simu.

Mambo yaliyofuata niyapitie mbio. Rooty ilitoka 2001, ikiwa na jina la usiku wao wa klabu. "Where's Your Head At" ikaazima sauti nzito za Gary Numan, na "Romeo" ikamleta Kele Le Roc. Kish Kash ya 2003 ikapata tuzo ya Grammy mwaka 2005, mwaka wa kwanza tuzo ya albamu ya muziki wa elektroniki na dansi kutolewa. Ni kazi kubwa zote, na huenda za baadaye zimesukwa vizuri zaidi. Mimi nabaki na Remedy kwa sababu ndani yake bado nasikia dari fupi. Unasikia kwamba waliotengeneza muziki huu walizoea kuinama kidogo wanapoingia chumbani.

Niliahidi saa moja, na mwenyekiti ameanza kushika saa yake. Nimebakiza wimbo mmoja ambao sikuutaja kwa makusudi, "Bingo Bango", wenye tarumbeta na mwendo wa merengue ya Karibi. Nimekwisha kuuhubiri mara nyingi katika madarasa yangu na kila mara hotuba imeuharibu. Kwa hiyo, fundi, zima taa hizi za mbele uache za pembeni. Walimu wangu, naomba radhi, safu mbili za kwanza mnyanyuke mvisogeze viti ukutani. Vijana wa nyuma wasaidieni wazee. Nanyi wawili mnaokata biti, njooni huku katikati, msibanane na spika.

(Hapa "Bingo Bango" ilichezwa yote.)